Indeksi huwekewa swali, haiwekewi kolamu: jibu kwa ndugu wa tiketi za boti, Lamu

Swali lenyewe nalifupisha hapa ili wasomaji wengine waelewe tunazungumzia nini: "Assalam aleikum mwalimu. Niko Lamu, nimetengeneza sistimu ya tiketi za boti za Lamu na Mokowe. Natumia databesi ya PostgreSQL, seva ndogo ya RAM gigabaiti 1. Mwanzo ilikwenda vizuri lakini sasa tebo ya tiketi imefika rekodi milioni 1.8, na karani akitafuta abiria kwa simu au kwa jina yangoja sekunde nane mpaka tisa na watu wamejaa jeti. Rafiki yangu mmoja aniambia weka indeksi kila kolamu umalize kazi, mwengine asema niweke Elasticsearch, ile programu ya kutafutia inayokaa kando ya databesi. Nifanye lipi? Na nitajuaje indeksi yafaa wapi na haifai wapi?"

Waleikum salaam ndugu yangu. Kwanza hongera, manake kufikisha rekodi milioni 1.8 ina maana watu waitumia kweli hiyo kitu, na shida uliyonayo ni ya sistimu iliyo hai. Ntakujibu kwa urefu kwa sababu hili jambo laniuma, naona vijana wengi wazuri hapa pwani wanaandika programu safi kabisa alafu databesi inawaangusha, na anayelaumiwa ni karani masikini wa watu kwenye kibanda, mara aambiwa mzembe mara aambiwa hajui kompyuta, na yeye afanya nini wakati mashine yasoma tebo nzima kila anapobonyeza.

Rafiki yako wa kwanza amekukosesha, wa pili ametaka kukununulia jahazi uvuke mfereji. Twende polepole.

Fikiria duka la rejareja la mtaani, hata kwenu Langoni yako mengi. Mwenye duka ana daftari la madeni, aandika kwa mpangilio wa siku: leo fulani kachukua unga, fulani kachukua mafuta, kesho vivyo hivyo. Mwisho wa mwezi mtu aja auliza "bwana deni langu ngapi?" na mwenye duka aanza ukurasa wa kwanza afunua mpaka wa mwisho, manake jina la huyo mtu laweza kuwa popote. Hiyo ndiyo inayofanyika kwenye seva yako. Ukiona kwenye PostgreSQL imeandikwa Seq Scan basi jua ni huko kufunua daftari zima. Sasa mwenye duka mjanja huwa na kijidaftari cha pili, majina kwa alfabeti, na mbele ya kila jina kaandika namba za kurasa. Mtu akija afungua kijidaftari, aona ukurasa 12, 31 na 58, aenda moja kwa moja. Hicho kijidaftari ndiyo indeksi. Na tazama vizuri, kuanzia siku hiyo kila deni jipya yataka liandikwe mahali pawili. Hapo ndipo bei yake ilipo, na hapo ndipo rafiki yako hakupataja.

Sasa tufanye hesabu ya kwako kwa karibu. PostgreSQL huweka data kwenye kurasa za kilobaiti 8. Tuseme rekodi moja ya tiketi yako, jina, simu, tarehe, safari, bei, hali ya malipo, ni kama baiti 170 hivi na vijisehemu vyake, ukurasa mmoja waingia rekodi kama 45. Milioni 1.8 gawanya kwa 45 wapata kurasa 40,000, ambazo ni kama megabaiti 320. Na seva yako ina RAM gigabaiti 1, humo humo kuna programu yako, kuna sistimu ya uendeshaji, kuna kila kitu, kwa hivyo hizo kurasa hazikai zote kwenye RAM, zasomwa upya kwenye diski. Diski ya seva za bei rahisi ikikupa megabaiti 40 kwa sekunde, 320 gawanya 40 ni sekunde nane. Umeona hizo sekunde nane zako zatoka wapi? Karani amtafuta mtu mmoja, mashine yafunua kurasa elfu arubaini.

Ukiweka indeksi ya kawaida kwenye kolamu ya simu, ile inayoitwa B-tree, mambo yabadilika kabisa. Ni muundo wa zamani na imara, Rudolf Bayer na Edward McCreight waliuandika mwaka 1970 wakiwa kwenye maabara ya utafiti ya Boeing, na mpaka leo karibu kila databesi kubwa yautumia. Ni mti wa ngazi chache lakini mpana sana. Ukurasa mmoja wa indeksi waingia namba za simu kama 230 hivi, kila moja yaelekeza ukurasa wa chini yake. Ngazi mbili zafika elfu hamsini na kitu, ngazi tatu zafika zaidi ya milioni 12. Kwa hivyo tebo yako ya milioni 1.8 yatosheka na ngazi tatu: ukurasa wa juu, wa kati, wa chini, alafu ukurasa wa tebo yenyewe. Kurasa nne badala ya 40,000. Karani hatomaliza kuvuta pumzi jina limetoka.

Mpaka hapo utaona kama namsifu rafiki yako, lakini sikiza sasa.

Indeksi haiwekewi kolamu, yawekewa swali. Hilo ndilo neno langu kwako, ukilishika hilo mengine yote utayatoa mwenyewe. Usikae ukatazama tebo ukasema kolamu gani ina indeksi na gani haina. Kaa utazame maswali, kila kwiri ambayo programu yako yauliza databesi, na kila moja jiulize mambo haya: yaulizwa mara ngapi kwa siku, nani angojea jibu, na jibu lake ni rekodi ngapi kati ya zote. Nenda kakae kibandani asubuhi moja na kalamu, wakati abiria wa basi la Mokowe wakimbilia boti, utazame karani abonyeza nini. Mimi hufanya hivyo kabla sijagusa kompyuta. Utakuta labda maswali manne tu ndiyo yanayobeba siku nzima, na mengine yote ni ya mwenye boti akitaka ripoti yake jioni na hana haraka.

Hilo la "jibu ni rekodi ngapi kati ya zote" ndilo watu hawalielewi, kwa hivyo nikae nalo kidogo. Wewe una kolamu ya hali, imelipwa au haijalipwa. Tuseme asilimia 97 imelipwa. Ukiweka indeksi kwenye hali alafu ukauliza "nipe zote zilizolipwa", databesi itaipuuza indeksi yako na kusoma tebo nzima, na iko sahihi! Rudi kwa mwenye duka: kama jina la mtu liko karibu kila ukurasa, kwani kuna haja gani ya kijidaftari? Afunue tu daftari toka mwanzo, itakuwa haraka kuliko kuchungulia kijidaftari kila mara. Na si lazima ifike asilimia 97. Chukua kurasa zako za rekodi 45. Ukitaka asilimia 10 ya rekodi na zimetawanyika ovyo ovyo, kurasa zitakazokuwa na japo rekodi moja unayoitaka ni asilimia 99 ya kurasa zote. Ukitaka asilimia 5, kurasa ni kama asilimia 90. Ukitaka asilimia 1, hapo ndiyo zashuka mpaka kama 36. Kwa hivyo mtu akikwambia "swali langu larudisha asilimia kumi tu" usimuonee huruma, kwa diski hiyo ni tebo nzima, tena kwa mpangilio mbaya wa kurukaruka.

Tofauti ni tarehe. Tiketi zako zaandikwa kwa mfuatano wa siku, za leo zote zakaa pamoja kwenye kurasa za mwisho, hazikutawanyika. Ndiyo maana indeksi ya tarehe yaweza kukufaa hata ukitaka wiki nzima. Tena PostgreSQL toka toleo 9.5 ina aina moja yaitwa BRIN, yaandika tu "kurasa hizi 128 zina tarehe kutoka hapa mpaka hapa", ni ndogo ajabu, na kwa tebo inayokua kwa mfuatano kama yako ni mali. Lakini kama watu wako wakata tiketi za siku za mbele, basi tarehe ya safari haiendi sambamba na mpangilio wa kuandikwa, itumie kwenye tarehe ya kuandikwa tu.

Jina la mtu sasa. Hapa ndipo Lamu yenyewe yaingia kwenye databesi. Majina kwetu pwani ni machache na watu ni wengi, wewe wajua, ukiita Mohamed kwenye jeti wageuka nusu ya watu. Kwa hivyo kutafuta kwa jina la kwanza peke yake ni swali baya hata ukiliwekea indeksi ya dhahabu, jibu litakuja rekodi elfu tisini na karani atazitazama vipi? Simu ndiyo ya kutafutia, au msimbo wa malipo wa M-Pesa, ile ina herufi na tarakimu kumi na haijirudii, hakuna kolamu nzuri kuliko hiyo kwa indeksi. Mfundishe karani aulize simu kwanza, jina liwe la kuhakikisha.

Lakini najua kuna mzee hana simu, au alikatiwa tiketi na mjukuu wake, na lazima utafute kwa jina. Na nina hakika kwiri yako hapo imeandikwa hivi: WHERE jina LIKE '%athman%'. Hiyo alama ya asilimia mbele yaua indeksi ya kawaida kabisa. Kijidaftari cha mwenye duka kimepangwa kwa herufi ya kwanza, wewe wamuuliza "nipe kila jina lenye athman ndani popote", ataanzia wapi? Itabidi asome majina yote. Ukiandika 'athman%' bila ya alama ya mbele hapo indeksi yaweza kusaidia, lakini kwenye PostgreSQL angalia, kama databesi yako haikuundwa na mpangilio wa herufi wa C (ule wa kulinganisha baiti kwa baiti) basi itabidi indeksi uiwekee text_pattern_ops, la sivyo itakupuuza na utakesha ukijiuliza kwa nini.

Na juu ya hayo kuna tahajia. Athman, Othman, Athumani, wote wapanda boti moja. Fatma na Fatuma. Swaleh na Saleh. Karani wa asubuhi kaandika hivi, wa jioni aandika vile. Kwa haya PostgreSQL ina nyongeza yake yaitwa pg_trgm, na hii ndiyo yanifanya nikwambie Elasticsearch iache kwanza. Yafanya nini? Yakata neno vipande vya herufi tatu tatu, ikiongeza nafasi mbili mbele na moja nyuma. Athman yawa na vipande saba, baadhi yake ni ath, thm, hma, man. Othman pia saba, na thm, hma, man vimo, na kile cha mwisho cha "an" na nafasi. Kwa hivyo vinne vyafanana, na vyote kwa jumla bila kurudia ni kumi, alama yao ni 0.4. Kiwango cha kawaida cha kusema "haya yafanana" ni 0.3, kwa hivyo ukitafuta Othman na Athman atatokea. Fatma na Fatuma wapata vinne kati ya tisa, 0.44. Ukaweka indeksi ya aina ya GIN, ile inayoorodhesha kila kipande na rekodi zake, juu yake na hata ile LIKE yenye asilimia mbele nayo yaanza kuitumia. Andika hivi:

CREATE EXTENSION pg_trgm;
CREATE INDEX CONCURRENTLY tiketi_jina_trgm ON tiketi USING gin (jina gin_trgm_ops);

Jambo moja hapo, kama kolamu yako ya jina ina majina matatu pamoja, la mtu, la baba na la babu, alama zitashuka kwa sababu vipande vimekuwa vingi, kwa hivyo ni afadhali utenganishe jina la kwanza likae peke yake ndiyo ulinganishe. Na kwenye skrini mlazimishe karani aandike herufi tatu au zaidi kabla ya kutafuta, akiandika mbili hakuna kipande kizima cha kushika na indeksi haina la kufanya.

Elasticsearch si mbaya, nimeitumia na naiheshimu, yafaa ukiwa na maandishi marefu, makala, maelezo ya bidhaa, na wataka majibu yapangwe kwa ubora. Lakini hiyo ni seva nyengine, yataka RAM yake yenyewe zaidi ya hiyo uliyonayo yote, na data yako itakaa mahali pawili, na siku moja hazitalingana, mtu amefuta tiketi huku kule bado ipo. Kwa rekodi milioni 1.8 za tiketi sioni haja hata kidogo. Na kama utataka kutafuta ndani ya maelezo ya mizigo, PostgreSQL ina utafutaji wa maandishi wake, ila tumia mpangilio wa simple, usitumie wa english, manake ule hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza na haujui kwamba mzigo na mizigo ni kitu kimoja. Kamusi ya Kiswahili haimo, hata simple haitakuunganishia hayo mawili, itabidi ukubali hivyo au utumie hivyo vipande vya tatu tatu.

Sasa nikueleze kwa nini naogopa hilo la kila kolamu. Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi na duka moja la dawa hapa Malindi, tebo ya mauzo ilikuwa na kolamu kumi na sita, na mimi niliweka indeksi kumi na moja kwa sababu ripoti zilikuwa pole na nilitaka wafurahi haraka. Ripoti zikaenda mbio kweli. Baada ya wiki mbili akanipigia mwenye duka, mauzo yamekuwa mazito, mteja mwenye dawa kumi na mbili akibonyezewa risiti yangoja mpaka anauliza kama stima imepotea. Kila dawa ni rekodi moja, na kila rekodi yaandikwa kwenye tebo na kwenye indeksi kumi na moja, kwa hivyo risiti moja ya dawa kumi na mbili ilikuwa maandishi 144. Nilitazama pg_stat_user_indexes, ndiyo takwimu za indeksi ambazo PostgreSQL huziweka yenyewe, kuna kolamu pale ya idx_scan yakwambia kila indeksi imetumika mara ngapi, nikakuta nane hazikutumika hata mara moja. Sifuri! Nikaziondoa siku ile ile na risiti zikarudi kama kawaida. Wagonjwa walisimama foleni kwa ajili ya vitu ambavyo hakuna swali hata moja lililoviuliza, na hilo sijalisahau.

Kwako kuna jengine zaidi. Tiketi yako yazaliwa haijalipwa, baadaye yabadilishwa kuwa imelipwa. PostgreSQL haibadilishi rekodi pale pale, yaandika nakala mpya ya rekodi. Kama kolamu iliyobadilika haimo kwenye indeksi yoyote na ukurasa una nafasi, basi indeksi zote zaachwa kama zilivyo, kazi nyepesi. Lakini ukiweka indeksi kwenye hali, kila malipo yakiingia indeksi zote za tebo hiyo zaandikiwa upya, si ya hali peke yake. Kwa hivyo indeksi moja isiyo na maana yaongeza uzito kwa zote.

Je, wataka orodha ya wasiolipa kila jioni? Hilo ni swali zuri, jibu lake ni asilimia 3 tu. Weka indeksi ya masharti, CREATE INDEX CONCURRENTLY tiketi_deni ON tiketi (tarehe_safari) WHERE hali = 'haijalipwa', yashika wasiolipa peke yao, ni ndogo, na kwiri yako lazima iwe na hayo masharti yenyewe ndiyo itumike. Sikufichi, hata hii kwa kuwa yataja hali itakuletea ule uzito wa kuandika niliousema, kwa hivyo iweke ikiwa hiyo orodha yaitwa mara nyingi mchana, na ikiwa ni mara moja usiku basi iache. MySQL, ile databesi nyengine, haina aina hii, nasema kwa wale wengine wasomao.

Kuna makosa ambayo indeksi ipo na bado haitumiki, na haya nayapita haraka. Ukiandika WHERE DATE(imeandikwa) = '2024-08-14' umeifunika kolamu ya imeandikwa, yaani wakati tiketi ilipoandikwa, kwa hesabu, kijidaftari kimepangwa kwa wakati kamili si kwa matokeo ya hesabu yako, andika imeandikwa >= '2024-08-14' AND imeandikwa < '2024-08-15' na itafanya kazi. Simu nazo, mmoja kaandika kuanzia 07, mwengine +254, mwengine kaweka nafasi katikati, zisafishe zote ziwe muundo mmoja kabla ya kuhifadhi, la sivyo indeksi itatafuta haraka sana na itakwambia haraka sana kwamba hayupo. Kwenye MySQL ikiwa kolamu ya simu ni maandishi na wewe ukauliza kwa namba bila ya alama za nukuu, hapo pia yasoma tebo nzima.

Indeksi ya kolamu mbili yahitaji neno moja. Karani akifunga zamu auliza "tiketi za karani huyu tangu asubuhi". Weka (karani_id, imeandikwa) kwa mpangilio huo, kile cha sawasawa mbele, kile cha kuanzia-mpaka nyuma. Ni kama kijidaftari kilichopangwa kwa mtaa kwanza alafu jina: Mkomani wote pamoja, ndani yake majina kwa herufi. Ukitaka watu wa Mkomani wapata upesi, ukitaka fulani wa Mkomani wapata upesi zaidi, lakini ukitaka kila Bakari wa mitaa yote hakikusaidii. Kwa hivyo ukishakuwa na hiyo huna haja ya nyengine ya karani_id peke yake, ni kulipa mara mbili.

Na safari_id, ile namba ya safari, hii wengi waikosa: MySQL yenye InnoDB, injini yake ya kuhifadhia data, ukiweka ufunguo wa kigeni, yaani kolamu inayoelekeza rekodi ya tebo nyengine, yakuwekea indeksi yenyewe, PostgreSQL haikuwekei. Kwa hivyo tazama, huenda kila unapofungua orodha ya abiria wa safari moja waifunua tebo nzima. Ile id yenyewe na chochote kilicho UNIQUE, yaani kisichokubali kujirudia, vina indeksi tayari, usiviongezee.

Kabla ya yote haya lakini, pima. Chukua kwiri yenyewe inayochelewa, iweke EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS) mbele, hiyo ni amri ya kukuonyesha databesi yafuata njia gani, uendeshe kwenye data ya kweli. Usipime kwenye laptopu yenye tiketi 500, tebo ndogo kama hiyo huenda databesi isitumie indeksi hata ukiwa nayo, kurasa kumi na mbili yaweza kuzisoma zote na kumaliza, alafu utadhani indeksi haifanyi kazi. Tazama imeandikwa Seq Scan au Index Scan, tazama "Rows Removed by Filter", hizo ni rekodi ilizozisoma na kuzitupa, ikiwa yatupa milioni ili ikupe moja basi hapo indeksi yako yaitwa kwa jina. Ikiwa imesoma laki tano ikakupa laki nne, hapo huna dawa ya indeksi. Na angalia, ANALYZE yaiendesha kwiri kweli kweli, usiiweke mbele ya DELETE ukidhani ni mazoezi.

Tena huenda ukakuta kila kwiri moja moja ni nyepesi na bado skrini yachelewa. Basi hesabu ni kwiri ngapi. Nimeona ukurasa wa abiria 60 ambao wauliza orodha mara moja alafu kwa kila abiria wauliza tena malipo yake, maswali 61. Kama programu yako iko kwenye kompyuta ya ofisini Lamu na databesi iko seva ya Ulaya, kila swali kwenda na kurudi ni kama milisekunde 150, mara 61 ni sekunde tisa. Sekunde tisa zile zile! Indeksi haitakuondolea hata moja, yataka uulize yote kwa JOIN moja, yaani kwiri moja inayounganisha tebo mbili.

Wakati wa kuweka, usiweke saa moja asubuhi watu wako jeti. CREATE INDEX ya kawaida yazuia kuandika kwenye tebo mpaka imalize, maana yake hakuna tiketi itakayokatwa. Ndiyo maana nimekuandikia CONCURRENTLY, yachukua muda zaidi lakini watu waendelea na kazi. Haikubali kuwekwa ndani ya transaksheni, yaani kundi la amri zinazopita zote pamoja au zisipite, na ikikatika katikati yaacha indeksi iliyoandikwa INVALID, hiyo yaandikiwa kila siku na haisaidii mtu, iondoe uanze tena. Ukimaliza endesha ANALYZE tiketi. Ili databesi ijue hesabu mpya.

Kwa hivyo kwa tebo yako, kwa hayo uliyonieleza, mimi ningeanza na simu, nikaweka UNIQUE kwenye msimbo wa malipo, nikaweka safari_id, nikaweka ile ya karani na wakati, na ile ya jina ya vipande vya herufi tatu nikaiweka mwisho kwa sababu ndiyo nzito kuliko zote kuandika, naiweka baada ya kuona karani watafuta kwa jina mara ngapi kweli. Weka moja, pima, ngoja siku mbili tatu, tazama idx_scan, ndiyo uweke nyengine. Ile ripoti ya mwezi ya mwenye boti usiiwekee kitu, iache isome tebo nzima, mpangie iendeshwe saa sita usiku wakati boti zote zimefungwa na karani amelala. Na hiyo kwiri ya jina, ukiweza, nitumie majibu yake ya EXPLAIN kabla na baada, nataka nione Athman na Othman wametokea pamoja.